Mionzi ya titi haihesabiwi kwa siku

Oktoba ikiingia, mwezi wa saratani ya matiti, maneno yale yale hurudi: jichunguzeni, wahini hospitali, msiogope. Mwaka huu kwetu Tanga yamerudi na jambo jingine. Watu wamesikia kwamba kuna nchi ambako mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa titi hupigwa mionzi siku 5 tu, akamaliza, akarudi kwake. Tena wapo wanaowafahamu kina mama waliorudi kutoka Dar es Salaam baada ya vipindi 15, ilhali shangazi zao miaka ya nyuma walikaa huko mpaka wakatimiza 25. Hesabu ikafanywa hapo hapo barazani, kahawa mkononi: kumi zimekwenda wapi? Jibu likapatikana kabla kikombe hakijapoa, kwamba sisi wanyonge tumepunguziwa dozi.

Kutoa kumekwenda sawa, ila kinachotolewa sicho. Kufupishwa kwa siku hakukuipunguza tiba. Kumeuhamisha uzito wa kazi kutoka kwenye mashine na kuupeleka kwenye mpango, yaani zile saa na siku ambazo mgonjwa hajapigwa hata mwale mmoja, wakati daktari wa saratani na mtaalamu wa fizikia ya tiba wako mbele ya picha za kifua chake wakiamua mionzi ipite wapi na isipite wapi. Kadiri siku zinavyopungua, mpango huo unazidi kukosa nafasi ya kukosea. Mwanamke wa Pangani au Ngamiani anayetaka kujua kama ametendewa haki ataipata habari hiyo kwa kuuliza alivyopangiwa kuliko kwa kuhesabu alipigwa mara ngapi.

Vipindi 25 navyo havikushuka kutoka mbinguni. Kwa miongo mingi kipimo cha kawaida kilikuwa grei 50, zikigawanywa grei 2 kwa siku, siku tano za wiki, kwa wiki tano. (Grei hupima mionzi iliyonyonywa na mwili, kama kilo inavyopima unga.) Waligawa hivyo kwa sababu seli nzima hujikarabati kati ya kipindi na kipindi, na seli nyingi za saratani hujikarabati vibaya, basi ukipiga kidogo kidogo, aliye mzima anapona na mgonjwa anaendelea kuumia. Kwa saratani nyingi hoja hiyo ingali imesimama. Lakini ya titi ilipochunguzwa, ilionekana kuuhisi ukubwa wa pigo moja karibu sawa na ngozi na nyama zinazoizunguka. Kuigawa dozi vipande vidogo vidogo hakukuwa na faida kubwa kama ilivyodhaniwa. Pigo la siku likikua, jumla huteremshwa, na tiba inafika pale pale.

Hilo halikupitishwa kwa kukisia. Kanada walitoa matokeo ya miaka 10 mwaka 2010, wakilinganisha grei 42.5 kwa vipindi 16 na grei 50 kwa vipindi 25, na saratani haikurudi zaidi kwa waliopata siku chache. Uingereza wakafuata mwaka 2013, nao baada ya kuwafuatilia wanawake kwa miaka 10. Katika moja ya majaribio yao, waliopewa grei 40 kwa vipindi 15 ugonjwa uliwarudia kwenye titi au tezi za jirani kwa asilimia 4.3, na waliopewa grei 50 kwa vipindi 25 kwa asilimia 5.5, huku madhara kwenye titi lenyewe yakiwa machache zaidi kwa wale wa vipindi 15. Kwa hiyo waliotangulia "kupunguziwa" ni wanawake wa Uingereza na Kanada, katika hospitali ambazo wengi wetu tungeuza shamba tukatibiwe. Anayesema vipindi 15 ni tiba ya masikini inabidi aeleze kwanza masikini hao wa huko ni akina nani.

Msomaji wa rika langu anaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria, siku tatu za kujikuna usiku kucha. Mwaka 2001 nchi ikahamia dawa nyingine, SP, vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja, yamekwisha. Sikumbuki mtu aliyelalamika kwamba amepewa theluthi ya dozi. (SP ilikuja kushindwa, ndiyo, lakini ilishindwa na vimelea vilivyoizoea, uchache wa siku zake haukuwa na kosa.) Wito wa "maliza dozi" tuliofundishwa miaka yote ni wito mzuri, nao maana yake ni kumaliza ulichopangiwa. Mahali fulani njiani tukausikia kana kwamba unasema dozi nzuri ni ile ndefu.

Sasa hizo siku 5, na hapa naomba tupunguze mwendo. Jaribio lililoleta habari hiyo lilifanyika Uingereza, likahusisha wanawake 4,096 katika hospitali 97, na matokeo yake ya miaka 5 yalitolewa Aprili 2020. Makundi yalikuwa matatu: grei 40 kwa vipindi 15, grei 27 kwa vipindi 5, na grei 26 kwa vipindi 5. Saratani kurudi kwenye titi ilikuwa asilimia 2.1 kwa kundi la kwanza, 1.7 kwa la pili, 1.4 kwa la tatu. Wengi wanaishia kusoma hapo. Ukiendelea mbele kidogo unakuta madhara ya wastani na makubwa kwenye titi au kifua, kama titi kusinyaa na nyama kuwa ngumu, kwa jinsi madaktari walivyoyaona katika mwaka wa tano: asilimia 9.9 kwa grei 40, asilimia 11.9 kwa grei 26, na asilimia 15.4 kwa grei 27. Kati ya 26 na 27 kuna grei moja tu, tena imesambazwa kwenye siku tano. Pengo dogo kiasi hicho ndilo lililotenganisha ratiba iliyopendekezwa na ile iliyowekwa kando.

Mtu akilielewa hilo, ubishi wa siku unabadilika wote. Hakuna mpango unaomwaga mionzi sawasawa kama maji kwenye sinia. Titi halina umbo la boksi. Kwenye chuchu ni jembamba, kuelekea mbavuni ni nene, na penye wembamba dozi hupanda. Ikipanda kwa sehemu ya kumi mahali fulani, pale jumla imepanda, na pigo la kila siku nalo limepanda, na pigo kubwa ndilo linaloumiza nyama nzima kuliko jumla. Doa hilo linaumizwa mara mbili. Kwenye grei 2 kwa siku mwili unaweza kulisamehe. Kwenye grei 5.2 kwa siku msamaha ni haba. Vivyo hivyo kwa mgonjwa aliyelala vibaya siku moja. Katika vipindi 25 siku hiyo ni asilimia 4 ya tiba yake, katika vipindi 5 ni moja ya tano. Kwa hiyo hospitali inayokwenda kwenye siku chache inajitwika mzigo: picha nzuri zaidi, mahesabu yanayokaguliwa na jicho la pili, na mlalo unaohakikiwa kila siku kabla mashine haijawashwa.

Mpango wenyewe mgonjwa huuona nusu tu. Analazwa kwenye ubao wenye mwinuko, mkono umepandishwa juu ya kichwa, anapigwa picha za CT, zile zinazoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, katika mlalo ule ule atakaolalia siku zote. Wengi huudhika hapo kwa kuwa walishapigwa CT kwingine na kuilipia. Lakini kitanda cha CT ya uchunguzi kwa kawaida kina mbonyeo, kitanda cha mionzi ni bapa, na ile ya awali mikono ilikaa vingine. Titi limelala kwa namna nyingine kabisa, halifai kupimiwa. Halafu anachorwa alama kifuani, mara nyingi nukta ndogo sana, ili kesho na keshokutwa alingane na mistari ya mwanga ukutani. Anaambiwa aende, ataitwa. Siku hizo za kusubiri ndizo anazodhani amesahaulika, na ndizo ambazo daktari anachora juu ya kila kipande cha picha: hili titi, hapa palikuwa na uvimbe, hili pafu, huu moyo. Mtaalamu wa fizikia anapeleka miale kandokando ya kifua, ikikwangua ukingo badala ya kupiga kwa mbele, anabadilisha pembe, anaziba hapa, anafungua pale, mpaka titi limepata chake na moyo umepata kidogo iwezekanavyo.

Moyo nautaja kwa makusudi, hasa kwa wenye saratani ya titi la kushoto. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliopata mionzi ya titi kati ya 1958 na 2001. Kila grei moja ya wastani iliyofika moyoni iliongeza matukio makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4, na hakikuonekana kiwango cha chini ambacho tungesema hapa pako salama. Wengi wao walipangiwa zamani, kabla ya picha za CT. Leo mgonjwa anaweza kufundishwa kuvuta pumzi nzito na kuibana kwa sekunde ishirini hivi. Mapafu yakijaa, moyo hushuka na kujitenga na ukuta wa kifua, na mionzi hupita pale ulipokuwa. Ni pumzi tu, ingawa inahitaji vifaa vya kuifuatilia na mtu wa kumfundisha mama bila haraka. Idadi ya vipindi isingekwambia lolote kuhusu hilo. Wawili waliopata 15 kila mmoja wanaweza kuwa wamelindwa moyo kwa viwango ambavyo havikaribiani.

Kuna jambo ambalo katika mji kama wetu lisipozungumzwa linafukuza watu. Zile nukta, sehemu nyingi huchorwa kwa sindano na wino usiofutika, na wapo kina mama wa Kiislamu waliosita, wakiona ni chale, wakaona haya kuuliza. Yapo mahali ambako hutumika wino wa juu ya ngozi uliofunikwa plasta ya uwazi, shida yake ikiwa joto letu na jasho letu, na kuoga kwa kusugua. Alama ikifutika mlalo unapotea. Zipo pia kamera zinazosoma uso wa ngozi bila alama yoyote, nazo ni ghali. Upande wa dini wenye elimu ya dini wapo na wataulizwa. Langu ni kwamba swali hilo liulizwe kabla ya siku ya kupimwa, pamoja na lile la kuhudumiwa na mwanamke mwenzake, kwa sababu mgonjwa aliyejikaza kwa haya halali vizuri, na asiyelala vizuri amepimwa vibaya.

Nirudi kwa wanaopinga, maana si wote wanaobeba hoja ya barazani. Wapo wanaosema siku zimefupishwa ili kupunguza foleni. Ni kweli, na sioni aibu yake. Mashine moja inayomhudumia mama mmoja kwa vipindi 25 inaweza kuwahudumia watano kwa vipindi 5, angalau kwa hesabu ya karatasini, na katika nchi ambayo wagonjwa kutoka Tanga, Mtwara na Kigoma hukutana kwenye milango ile ile, foleni nayo ni ugonjwa. Jambo kuwa rahisi kwa hospitali halilifanyi kuwa baya kwa mgonjwa. Ingekuwa baya kama ushahidi ungekuwa umesukumwa kando ili foleni ipite, na nimeonyesha kwamba ushahidi ulitangulia.

Hoja nzito ni nyingine, nami naiheshimu. Wanawake wengi wa kwetu hufika hospitali ugonjwa umeshakwenda mbali: uvimbe mkubwa, tezi za kwapani zimeguswa, titi limeondolewa lote na dawa za mishipani zimetumika kwanza. Jaribio la siku 5 liliwachukua waliofanyiwa upasuaji wakiwa na ugonjwa wa hatua za mwanzo, na matokeo yale ya 2020 yalihusu mionzi ya titi au ukuta wa kifua, hayakuhusu ile inayopelekwa kwenye tezi. Kulibeba lilivyo na kumvisha mama wa Handeni mwenye tezi nne zilizoguswa ni kulisemea lisichosema. Kwa hiyo kwa wengi wetu mazungumzo ya kweli bado ni vipindi 15 au 16, siku 5 zibaki kwa wanaolingana na waliopimwa, na daktari aweze kumweleza mgonjwa yuko kundi gani. Lakini hata hoja hii, ukiitazama vizuri, inarudi kwenye mpango. Mionzi inayofika kwenye tezi za juu ya mtulinga na kwapani inagusa pafu zaidi, inapakana na mishipa ya fahamu ya mkono, na inataka mchoro makini kuliko ile ya titi peke yake. Ugonjwa mkubwa unadai mpango bora, na kuongeza siku hakuzibi mpango dhaifu.

Halafu wapo wanaosema mashine iletwe Bombo, hospitali yetu ya mkoa, mjadala ufungwe. Moyo wangu uko nao. Kutoka stendi ya Kange mpaka Dar, kupitia Segera na Chalinze, ni kilomita 350 hivi, na mji wetu uliopewa jina la "waja leo, waondoka leo" una wagonjwa wanaokwenda leo na kurudi baada ya mwezi, wakiwa wamelala kwenye sebule ya mpwa huko Mbagala, biashara imekufa, watoto wako kwa jirani. Nauli na sebule hizo zimewaachisha watu tiba. Ila mashine ya mionzi inataka chumba cha zege lenye unene unaozidi mita, CT ya kupangia, umeme usioyumba, na wataalamu wa fizikia wanaosomeshwa kwa miaka. Ikiwa ni ya kobalti, madini yanayotoa mionzi yenyewe, chanzo chake hupungua nguvu nusu kila baada ya miaka 5 na ushei, na muda wa kila mgonjwa kitandani unarefuka. Ocean Road ya Dar ilikuwa hospitali tangu zama za Wajerumani na ikawa taasisi ya saratani kwa sheria ya 1996, na mashine za kisasa zaidi zinazotumia umeme zilifungwa pale mwaka 2018. Tanga tuidai mashine, sawa. Tukiikata utepe bila watu wa kupanga, tutakuwa tumewasogezea kina mama tiba mbaya karibu na nyumbani.

Wakati tukiingoja kuna kazi ya kupanga ambayo haihitaji mashine wala bajeti ya kutangazwa, nayo hufanyika au huharibika kabla basi halijatoka Kange. Mama yangu mdogo alifanyiwa upasuaji wa titi pamoja na tezi za kwapa, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kidonda kilipona vizuri. Nilimsindikiza siku ya kupimwa mionzi. "Mama, pandisha mkono juu ya kichwa," akaambiwa. Ukafika usawa wa bega, ukagoma. Hakuna aliyewahi kumwambia aufanyie mazoezi. Yeye alikuwa ameutunza kwa upole kifuani kama mtoto, akidhani ndiyo uangalifu. Mkono usiopanda hupitiwa na miale, na mwenye nao haingii vizuri kwenye tundu la CT. Tukarudi Tanga na karatasi ya mazoezi. Kila asubuhi alisimama uani akipandisha vidole ukutani, akiweka alama kwa mkaa pale vilipofika. Zilipita wiki tatu kabla hatujapanda basi tena. Wale jamaa wa barazani walikuwa wakihesabu vipindi vyake 15, hakuna aliyezihesabu wiki hizo tatu.

Mazoezi hayo huanza kidogo kidogo siku chache baada ya upasuaji, kwa maelekezo ya waliomfanyia, na muuguzi yeyote wa wodi anaweza kuyafundisha. Ripoti nayo haihitaji mashine. Anayechora mpango Dar anahitaji kujua uvimbe ulikuwa upande gani wa titi na ukubwa gani, kingo zilizokatwa zilikuwa safi au la, tezi ngapi zilitolewa na ngapi zilikutwa na ugonjwa, majibu ya vipokezi vya homoni (yaani kama saratani hiyo huitikia homoni), na dawa za mishipani ziliisha lini. Pale titi lilipobakizwa, vibanio vidogo vya chuma vilivyoachwa na daktari wa upasuaji mahali pa uvimbe humwonyesha mpangaji pa kulenga dozi ya ziada, ikihitajika. Mgonjwa akifika na barua yenye mstari mmoja, "amefanyiwa upasuaji wa titi, apewe mionzi", kila pengo linajazwa kwa kukisia au kwa safari nyingine ya kurudi kufuata majibu ya maabara. Na ratiba ikishakuwa ya wiki moja, mama anaweza kupoteza siku nyingi zaidi kwa karatasi iliyosahaulika kuliko alizokaa chini ya mashine.

Kwa hiyo ningependa Oktoba ijayo, pamoja na matembezi na fulana za waridi, wodi za upasuaji za mkoa huu ziwe na fomu moja ya rufaa ya mionzi iliyojazwa kabla mgonjwa hajaruhusiwa, na alama ya mkaa ukutani inayoanza wiki ile ile ya upasuaji. Mgonjwa naye aende na maswali machache mfukoni: nimepangiwa kwa picha za CT au kwa vipimo vya juu ya ngozi, moyo wangu unapata kiasi gani, tezi zimo au hazimo, na kama ni siku chache, nafanana na wale waliojaribiwa? Akijibiwa hayo, atakuwa na cha kuwaeleza wenye kahawa wakimuuliza kumi zake zimekwenda wapi.